Nani Ndugu wa Kiti cha Pweza?

Binti wa dada yangu alipewa sifuri kwa jibu lililo sahihi. Mtihani ulikuwa wa bayolojia, wa kufungia muhula, na swali lenyewe lilikuwa na alama 5: wagawe wanyama wanne wafuatao katika makundi mawili kwa kufuata undugu wao, kisha toa sababu. Wanyama hao walikuwa konyeza, yule kiumbe laini wa baharini anayewasha akikugusa, kisha kiti cha pweza, nzige na binadamu. Mwongozo wa kusahihisha ulitaka konyeza na kiti cha pweza wakae pamoja kwa kuwa miili yao imejipanga kwa mviringo kuzunguka kinywa, na nzige akae na binadamu kwa kuwa wote wawili wana upande wa kulia na wa kushoto. Mtoto alimweka konyeza peke yake. Wengine watatu aliwafanya kundi moja, kisha akaongeza jambo ambalo hakuulizwa: kwamba kati ya hao watatu, kiti cha pweza yuko karibu na binadamu kuliko nzige alivyo. Sababu alizitoa. Kiti cha pweza akiwa lava, yaani akiwa bado mchanga, ana kulia na kushoto kama sisi, na tundu la kwanza kujitokeza katika kiinitete chake huja kuwa mkundu, wala si kinywa, kama ilivyo kwetu. Kalamu nyekundu ikakata yote.

Nimefundisha bayolojia maisha yangu yote ya kazi, na najua kusahihisha rundo la karatasi usiku kunavyochosha. Sifuri ya uchovu ningeisamehe. Nilikwenda shuleni nikiamini kwamba mwalimu mwenzangu ataitazama karatasi mara ya pili na mambo yataisha. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti, akaisoma karatasi mbele yangu na kukubali kwamba aliyoyaandika mtoto yamo katika vitabu vya chuo kikuu. Halafu akasema: "Lakini Mwalimu, uainishaji ni makubaliano tu. Leo wanasayansi wamekubaliana hivi, kesho watakubaliana vingine. Sisi hapa tunafuata mwongozo." Sifuri ikabaki pale pale. Siku ile nilimjibu kwa kifupi. Hapa nataka kumjibu kwa urefu, kwa sababu kauli yake haikumdhulumu mtoto mmoja tu. Inaudhulumu ujuzi wenyewe.

Maana za istilahi hazitanichelewesha. Ramani ya mwili ni mpangilio wa jumla wa mnyama: ulinganifu wa pande zake, tabaka za seli katika kiinitete, kuwapo au kutokuwapo kwa uwazi kati ya utumbo na ukuta wa mwili, mapingili, na mahali mfumo wa neva unapopita. Kwa vigezo vya namna hiyo wanabayolojia wamewagawa wanyama katika faila zipatazo 35, na kila kitabu cha sekondari kina jedwali lake. Ninachouliza ni hiki: ramani hiyo inapotufanya tuseme "hawa ni ndugu", tunasema kweli kuhusu kitu gani?

Mwongozo ule wa kusahihisha una umri wa zaidi ya miaka 200, hata kama aliyeuandika hana habari. Mwaka 1812 Georges Cuvier, bingwa wa anatomia mjini Paris, aliwagawa wanyama wote katika matawi manne, na mwaka 1817 akaueneza mgawanyo huo katika kitabu chake kikubwa, Le Règne animal. Kulikuwa na wenye uti wa mgongo, moluska, wenye mapingili, na tawi la nne la wanyama wa mviringo aliowaita Radiata. Humo aliwatia konyeza, matumbawe na viti vya pweza, pamoja na baadhi ya minyoo ya tumboni na vijidudu vya majini ambavyo hakuwa na pengine pa kuviweka. Kwa Cuvier hapakuwa na njia ya kutoka tawi moja kwenda jingine. Kila ramani ilisimama peke yake, na mnyama alikuwa wa tawi lake bila mpito wowote.

Simlaumu Cuvier kwa alichokiona. Maji yakipwa, mchukue kiti cha pweza dimbwini umlaze chali. Utaona mikono mitano, kinywa katikati, na chini ya kila mkono mfereji uliojaa vijiguu laini vyenye ncha za kunata, mamia kwa mamia, vyote vikipapasa bila kushika kitu. Baada ya muda mkono mmoja unajikunja. Vijiguu vya ncha yake vinagusa mchanga na kushika, vya mkono wa jirani vinafuata, na mwili mzima unapinduka taratibu mpaka kinywa kinarudi chini. Hana mbele wala nyuma ya kudumu. Akitaka kwenda upande mwingine hageuki, anatanguliza mkono mwingine. Ubongo hana, ana pete tu ya neva iliyozunguka kinywa, na kutoka hapo uzi mmoja wa neva kwa kila mkono. Ukimtazama hivyo, ni nani atakayekuambia kwamba huyu ni jamaa yako?

Lakini huyo ni mnyama mzima. Katika miaka ya 1840 Johannes Müller, mwalimu wa anatomia wa Berlin, alikwenda kisiwa cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini, akachota maji ya bahari na kutazama kwa hadubini viumbe wachanga waliokuwamo. Akakuta kwamba watoto wa jamii ya kiti cha pweza hawafanani hata kidogo na wazazi wao. Lava wa kiti cha pweza huogelea kwa vinyweleo, ana kinywa, utumbo na mkundu, na mwili wake una pande mbili zinazolingana, kulia na kushoto, kama mwili wa mtoto yeyote wa binadamu. Baadaye, upande wa kushoto wa mwili huo huanza kuchipua mwili mwingine, wa pembe tano, na mwili wa zamani hunyonywa polepole ndani ya mpya. Mviringo tunaouona pwani ameupata ukubwani. Konyeza hapiti njia hiyo hata kidogo. Miaka hiyohiyo Rudolf Leuckart, Mjerumani mwingine, aliwatenga rasmi wawili hawa, na tawi la nne la Cuvier likavunjika. Kwa hiyo mtoto wetu alinyimwa alama kwa jambo ambalo Ulaya ililimaliza kabla Darwin hajachapisha kitabu chake cha 1859.

Sasa nije kwenye neno lenyewe: makubaliano tu. Neno hili hunikera kuliko kosa lolote la kisayansi, kwa sababu limevaa vazi la unyenyekevu. Anayelisema huonekana mtu aliyepevuka, anayejua kwamba hata wataalamu hukosea, na anayemjibu huonekana mshupavu. Kumbe neno hilo halifungui mjadala wowote. Huufunga, na kumwachia mwenye kalamu nyekundu ushindi asioutolea jasho.

Makubaliano halisi tunayajua. Dereva wa Tanzania huendesha kushoto. Akivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, anahamia kulia. Hakuna upande ulio wa kweli. Nchi yoyote ingeweza kuchagua upande wowote na mambo yakaenda, ilimradi madereva wote wafuate mmoja. Basi makubaliano yana alama mbili. Kwanza, ukichagua tofauti hakuna ushahidi wa kukupinga. Pili, hayakuambii lolote ambalo hukulitia humo mwenyewe: kwa kujua tu kwamba Rwanda huendesha kulia, huwezi kubashiri kitu kingine chochote kuhusu barabara zake.

Tuupime kwa alama hizo undugu ambao mtoto aliuandika. Müller alipokuwa akichunguza lava wa baharini alimpata mmoja aliyempa jina Tornaria. Kwa jinsi alivyofanana na lava wa kiti cha pweza, Müller aliamini kuwa ndiye, na kila mtu akaona hivyo. Karibu na mwaka 1870 Elie Metschnikoff, Mrusi aliyekuwa akisafiri kati ya bahari za Ulaya na hadubini yake, alifuatilia mabadiliko ya Tornaria hadi mwisho. Hakutokea kiti cha pweza. Alitokea mnyoo, Balanoglossus, ambaye hujichimbia mchangani na kumeza matope. Na miaka michache tu kabla ya hapo, mwaka 1866, Alexander Kowalevsky alikuwa ameonyesha kwamba mnyoo huyu ana matundu kooni ya kupitisha maji, ya aina ileile ya matundu ya matamvua ya samaki, ambayo hata kiinitete cha binadamu huonyesha mikunjo yake kwa muda.

Tazama kilichotokea. Mnyoo mmoja ana utoto wa kiti cha pweza na koo la samaki. Hakuna kikao kilichoketi kuliamua hilo. Müller hakulitarajia, kwa sababu yeye alidhani amemwona lava wa kiti cha pweza. Mwaka 1881 Metschnikoff alipendekeza kwamba mnyoo huyo na jamii ya kiti cha pweza wawe kundi moja, Ambulacraria, lakini kwa miongo mingi vitabu vingi havikulifuata pendekezo lake. Kisha katika miaka ya 1990 watafiti wakaanza kulinganisha jeni za wanyama, herufi kwa herufi. Walichokilinganisha hakikuwa na habari ya lava wala ya koo. Kilikuwa molekuli ambazo Metschnikoff asingeweza hata kuzifikiria. Jeni zikawaweka Balanoglossus na kiti cha pweza pamoja, na sisi wenye uti wa mgongo jirani yao, na nzige mbali. Kama undugu huo ulikuwa makubaliano ya watu, jeni ziliyajuaje?

Mwenzangu ataniambia: lakini wanabadilisha kila siku. Ndiyo, na mabadiliko hayo ndiyo ushahidi mkubwa dhidi yake. Tangu wakati wa Cuvier, kwa muda unaokaribia karne mbili, nyungunyungu na jongoo waliwekwa pamoja kwa sababu miili yao imegawanyika mapingili. Kama kulikuwa na jambo ambalo wanazuolojia walikubaliana, ni hilo. Mwaka 1997 Anna Marie Aguinaldo na wenzake walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa jeni ulioonyesha kwamba jongoo, nzige na kaa hawako karibu na nyungunyungu. Wako karibu na nematodi, minyoo myororo isiyo na pingili hata moja, jamii ya askaris wa tumboni, na wote hao hujivua ngozi wanapokua. Wengi walilikataa jambo hilo na kubishana kwa miaka. Walikuwa na kila sababu ya kuyashikilia makubaliano yao: vitabu vilikwisha chapishwa, mihadhara ilikwisha andikwa, na macho yao wenyewe yaliyaona mapingili. Leo nyungunyungu ana kundi lake na jongoo ana lake. Wenye makubaliano hawakutaka kuyavunja, walishindwa. Mtu hawezi kushindwa na kitu alichokitunga mwenyewe na ambacho anaweza kukitunga upya apendavyo.

Kuna kitu kimoja katika uainishaji ambacho kweli ni makubaliano, nacho ni cheo. Katika vina vya bahari, kwenye chemchemi za maji moto zilizogunduliwa karibu na visiwa vya Galápagos mwaka 1977, huishi minyoo warefu wakaao ndani ya mirija, wasio na kinywa wala utumbo, wanaolishwa na bakteria waliomo mwilini mwao. Minyoo wa aina hiyo waliwahi kupewa faila yao wenyewe. Siku hizi wamekuwa familia moja tu ndani ya Anelida, faila ya nyungunyungu. Kuitwa faila au kuitwa familia, hilo watu hukubaliana, na hakuna chombo kinachopima "ufaila". Lakini kwamba minyoo hao wamechipuka ndani ya ukoo wa Anelida, hilo liligunduliwa, na lingekuwa hivyo hata kama hakuna binadamu ambaye angewahi kushuka huko chini. Mwalimu mwenzangu alichanganya cheo na undugu. Aliona vyeo vikibadilishwa, akahitimisha kwamba hata nasaba hutungwa mezani.

Halafu kuna dhuluma ya namna neno hilo linavyotumika. Mtoto alipojibu, mwongozo ulikuwa kweli isiyopingika, ndiyo maana akapata sifuri. Nilipouliza mimi, mwongozo ukawa makubaliano, ndiyo maana sifuri haikuweza kuondolewa. Kama uainishaji ni kweli, mtoto amesema kweli na astahili alama zake. Kama ni makubaliano, basi jibu lolote lenye sababu zinazoshikamana haliwezi kuitwa kosa, na bado astahili alama zake. Hakuna njia ya tatu inayofika kwenye sifuri, isipokuwa njia ya kusema kwamba mkubwa amesema. Laiti angeniambia hivyo waziwazi, ningeondoka na huzuni tu, bila hasira.

Wapo wenye hoja za haki kuliko hiyo. Mmoja atasema mwanafunzi aanze na kile anachoweza kukiona kwa macho, nami nakubali, ilimradi kionekanacho kwa macho kisipewe jina la undugu katika karatasi ya mtihani. Mwingine atasema jeni nazo hupotosha, na ni kweli: mwaka 1997 mnyoo wa baharini aitwaye Xenoturbella aliingizwa katika moluska, kumbe DNA iliyosomwa ilikuwa ya moluska aliokuwa amewala.

Nimemtaja Metschnikoff, na siwezi kumwacha bila kusimulia habari za Messina, ingawa najua haziongezi uzito wowote kwenye hoja yangu. Ni kisa ambacho nimewasimulia wanafunzi kila mwaka, na hakijawahi kunichosha. Mwishoni mwa 1882 alikuwa akiishi na familia yake katika mji huo wa Sicily. Siku moja familia ilikwenda kuwatazama nyani wa sarakasi, yeye akabaki peke yake na hadubini yake. Alikuwa akitazama lava wa kiti cha pweza, ambao miili yao ni angavu kiasi kwamba unaziona seli zikitembea ndani yake wakati mnyama yu hai. Akawaza: kama seli hizi zinazotembea ni walinzi wa mwili, basi nikichoma kitu kigeni ndani ya mwili huu, zitakizingira. Akatoka bustanini, akachuma miiba ya waridi, akaichomeka chini ya ngozi ya lava. Usiku huo alikosa usingizi. Alfajiri akarudi kwenye hadubini, na seli zilikuwa zimekusanyika kuuzunguka mwiba.

Fikiria ukubwa wa hatua hiyo. Lava wa kiti cha pweza hana mishipa ya damu wala damu. Kwa hiyo kilichouzingira mwiba hakikuwa damu iliyovuja. Zilikuwa seli zilizokwenda zenyewe. Kutoka hapo Metschnikoff alifikia wazo kwamba usaha unaojikusanya kwenye kidole cha mtu aliyechomwa na mwiba ni seli nyeupe zilizokwenda kupambana. Wengi walimcheka, kwa sababu madaktari wa wakati huo waliamini kwamba seli nyeupe huwabeba vijidudu na kuwasambaza mwilini. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Kila mhudumu wa maabara anayehesabu leo seli nyeupe katika damu ya mgonjwa anafanya kazi iliyopata maana yake kwa sehemu kutoka kwa lava yule. Nimesema kisa hiki hakiongezi uzito, na sababu ni kwamba seli zinazomeza vijidudu wanazo wanyama wengi, hata wadudu. Metschnikoff mwenyewe alikwenda kuzitazama pia katika kamba wadogo sana wa maji baridi. Kwa hiyo mwiba wa Messina hauthibitishi kwamba kiti cha pweza ni ndugu yetu wa karibu kuliko nzige. Unaonyesha tu kwamba mtu aliyezoea kutafuta undugu mahali ambapo macho hayaoni anaweza kuliona jambo ambalo madaktari wa miji mikuu hawakuliona.

Sasa nifike pale ninapokwama mwenyewe. Mtoto alitetea jibu lake kwa ramani ya mwili wa lava. Mwongozo ulitetea lake kwa ramani ya mwili wa mnyama mzima. Nikisema lava ndiye mwenye kweli, ni kwa haki gani? Mnyama ni mmoja. Utoto wake ni wa wiki kadhaa tu, na ukubwa wake ni wa miaka.

Kuna kiumbe anayeganda kwenye miamba na nguzo za gati, kifuko tu chenye matundu mawili. Ukikibana kinarusha maji. Kwa muda mrefu aliwekwa jirani na moluska. Ni Kowalevsky huyohuyo, mwaka uleule wa 1866, aliyeonyesha kwamba lava wa kifuko hicho ana umbo la kiluwiluwi cha chura, mwenye mkia, na ndani ya mkia kuna notokodi, ule mhimili unaotangulia uti wa mgongo katika kiinitete chetu. Anaogelea kwa muda mfupi, saa kadhaa au siku chache, kisha anabandika kichwa mwambani, anaufyonza mkia wake na kuwa kifuko. Mwaka 2006 ulinganisho wa jeni nyingi ulionyesha kwamba vifuko hivi viko karibu nasi kuliko amfioksi, mnyama mdogo mwenye umbo la samaki ambaye kila aliyemtazama alimdhania kuwa picha ya babu yetu. Tunasema kifuko kina ramani yetu. Je, kinayo, au kilikuwa nayo asubuhi moja tu?

Sacculina ananipa tabu zaidi. Huyu ni jamaa wa wale viumbe wenye magamba makali wanaoganda chini ya majahazi, na kwa hiyo yumo katika jamii pana ya kaa na kamba. Lava wa kike hutua juu ya kaa na kujipenyeza ndani yake akiwa kundi dogo la seli. Humo huota kama mizizi, mpaka kwenye miguu ya kaa, akinyonya chakula. Baadaye hutokeza mfuko chini ya tumbo la kaa, mahali hasa ambapo kaa jike hubeba mayai yake. Kaa hupoteza uwezo wa kuzaa, na huutunza mfuko ule kana kwamba ni mayai yake mwenyewe, akiusafisha na kuupepea maji. Hata kaa dume akiambukizwa, tumbo lake hupanuka likafanana na la jike, naye akautunza vilevile. Sacculina mzima hana miguu, hana mapingili, hana kinywa, hana utumbo. Yu wapi huyu katika jedwali la ramani za miili? Tunamjua kwa lava wake tu, mwenye jozi tatu za miguu na jicho moja, kama lava wa jamii yake wote.

Nikijibu kwamba ramani ya mwili ni njia nzima ya maisha tangu yai, basi kwa Sacculina sehemu kubwa ya ramani ni utupu. Nikijibu kwamba kinachoamua ni nasaba, si ramani, basi ramani haina kazi tena: ndugu hufanana mpaka pale wanapoacha kufanana, na jedwali lote la ulinganifu na mapingili linakuwa orodha ya mambo ambayo baadhi ya ndugu bado hawajayapoteza. Lakini hapo najikuta nimekata tawi nililolikalia, kwa maana nasaba yenyewe nimeijua kwa njia ya miili. Lava ni mwili. Koo la Balanoglossus ni mwili. Hata jeni husomwa kutoka kwenye kitu kilichomo mwilini, na kwa miaka 100 na zaidi kabla ya kuzisoma hatukuwa na shahidi mwingine ila umbo.

Nilidhani labda jeni zinazopanga mwili zingenitoa hapa, kwa sababu zinafanya kazi katika mnyama mzima pia, si katika lava peke yake. Mwaka 2023 watafiti walichapisha katika Nature kwamba katika kiti cha pweza, jeni ambazo kwa wanyama wenye pande mbili huashiria kichwa hufanya kazi sehemu kubwa ya mikono yote mitano, na zile za kuashiria kiwiliwili karibu hazifanyi kazi kwenye ngozi yake. Kwa kipimo hicho, yule anayejipindua dimbwini ni kichwa kinachotambaa. Basi ramani yetu imo ndani yake hata ukubwani, lakini sehemu yake kubwa imeondoka. Je, ramani iliyokatwa nusu ni ramani ileile? Sijui namna ya kujibu, na ninazidi kushuku kwamba swali la undugu na swali la ramani ni maswali mawili ambayo tumeyafundisha kama moja tangu Cuvier. La kwanza lina jibu, na mtoto alilitoa. La pili sina uhakika kwamba lina jibu moja kwa wanyama wote.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotunga vitabu na mitihani ni dogo. Popote panapochapishwa mchoro wa mnyama kwa ajili ya kuonyesha faila yake, wekeni kando yake mchoro wa lava au wa kiinitete chake, kwa ukubwa uleule. Na swali linalotaka umbo liseme umbo; neno undugu liandikwe pale tu ambapo anayesahihisha yuko tayari kupokea jibu la undugu.